Mzee Sten Bado Hajazikwa

Mji wa Kale, Mombasa
Baada ya Alasiri

Mwanangu Athmani,

Assalaam aleikum. Ningekuuliza u hali gani kama barua zitakavyo, lakini hali yako naijua. Mchana umekula kwangu sahani mbili za wali wa nazi na samaki wa kupaka, ukasinzia kwenye kiti. Sasa umekwenda Makupa kutafuta koti la mtumba, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Habari za soksi na kofia mkeo Karin amekwisha kukwambia kwa simu, sitazirudia. Wewe ambaye mwezi wa saba huvaa sweta kwenda msikitini alfajiri, Mungu akusitiri huko uendako kesho.

Nakuandikia kwa ajili ya neno ulilolisema wakati wa kula. Ulisema, "Mama, nitakwenda, nitawaamkia, nitakula nao. Lakini siku ya kuyafukia yale majivu mimi nitasimama nje ya lango. Maiti wa kuchomwa simsindikizi mimi."

Nami nikasema, "Haya, mwanangu," nikakuongeza samaki.

Lile "haya" limeninyima usingizi wa mchana. Nilikujibu kama mtu asiyejua lolote, na mimi ndiye niliyekuwako. Wewe mambo yale umesimuliwa na mkeo kwa simu, tena mkicheka. Najua mmeifanya mchezo habari ya mama yenu aliyegonga milango ya Wazungu, kila mgeni akija, kwako na kwake, apewa na chai. Simulieni, sikasiriki. Lakini mambo mengine yalitokea Karin amelala, na mengine aliyapunguza makali kwa kunihifadhi. Nataka uyasikie kwangu kabla hujaingia nyumba ile.

Wakumbuka nilivyokwenda. Karin alitaka kuzaa kwao Uswidi, karibu na mamake, na wewe ukanyimwa viza. Nikasema mjukuu wangu hatazaliwa akakosa mtu wa kumkanda mamake. Arobaini ni arobaini, hata kwenye barafu. Nikapanda ndege na kitambaa cha kumfungia tumbo, na bizari, na chupa ya mafuta ya nazi yaliyoganda njiani yakawa meupe kama mshumaa. Tuliposhuka ilikuwa kiza. Nikamuuliza Karin, aliyekuja kunipokea na tumbo lake mbele, "Ndege imechelewa?" Akasema, "La, mama. Hapa saa tisa za mchana ndiyo magharibi." Nilidhani ananitania. Siku ya pili nikajua ni kweli, maana nilikuwa sijakunja msala wa adhuhuri, na alasiri inataka kunipita.

Nyumba yao ni ya mbao, nyekundu, kwenye mtaa wa nyumba kama hizo, kila moja na ua wake na lango lake. Nilikaa siku nyingi sijaonana na jirani hata mmoja. Hapa kwetu ukikohoa, mtu wa ng'ambo ya njia akuuliza umekunywa nini. Kule niliona moshi juu ya mapaa na taa madirishani, watu sikuwaona. Nikamuuliza Karin, "Majirani zenu wamehama?" Akacheka. "Wapo, mama. Wanatuacha tupumzike." Moyoni nikajiuliza wanapumzika na nini.

Mamake, Bi. Gunnel, ni mwanamke wa maneno machache. Alinipa chumba kizuri, akanikunjulia blanketi, akarudi jikoni kwake. Mumewe, Mzee Sten, ndiye aliyekuwa sahibu yangu, Mungu anajua, ingawa hatukuwa na lugha. Alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo, amestaafu kazi ya kiwanda cha mbao. Kila asubuhi aliniita dirishani, akagonga kipimajoto kilichotundikwa nje, akanifungulia vidole vya mikono miwili, akavifunga, akavifungua tena. Mimi nikasema, "Subhanallah." Baada ya siku chache akaanza yeye kunitangulia. Agonga kioo, atazama, atikisa kichwa, asema, "Subhana." Kiswahili chote alichokijua kilikuwa hicho, na hicho chenyewe si Kiswahili.

Viatu vyangu nilivyonunua Biashara Street vilipasuka mara moja. Mzee Sten akanipa mabuti yake ya zamani, akayajaza magazeti mbele yasinipwaye, akanipa na koti lake la kazi, likanifika miguuni. Akavitundika karibu na mlango, akanionyesha kwa kidole: hivi vyako.

Mtoto akazaliwa salama, alhamdulillahi. Nikawa namkanda Karin asubuhi na jioni, Bi. Gunnel akitazama mlangoni. Kisha siku moja baridi ilipolegea, natoka kuoga, simwoni mtoto kitandani.

"Karin, Amiri yu wapi?"

"Amelala, mama. Yuko nje."

"Nde? Nde wapi?"

"Kwenye baraza. Kwenye kigari chake."

Athmani, nilitoka na kanga ya kuogea mabegani. Nilimkuta mwanao kwenye theluji, pua nyekundu, amefunikwa mablanketi, analala. Nikamwingiza ndani. Bi. Gunnel akaja, kwa upole kabisa, akamrudisha nje. Nikamwingiza tena. Akamtoa. Karin akasimama katikati yetu akafasiri: "Asema hewa ya baridi huwapa watoto usingizi mzuri. Hata mimi nililazwa hivi." Nikasema, "Mwambie kwetu hata paka hulala ndani." Hilo sidhani kama alilifasiri.

Basi nikachukua kiti, nikavaa koti na mabuti, nikakaa baridini kumlinda mjukuu wangu. Haikupita muda Mzee Sten akatoka na kiti chake na chupa ya kahawa. Tukakaa sisi wazee wawili, kigari katikati, tukitazama theluji. Aliponimiminia kahawa alinipa kikombe kwa mikono miwili, sijui alijuaje. Ukiniuliza jambo gani zuri nililoliona Uswidi, nitakwambia ni hilo. Siku zile zote baadaye tulikaa hivyo.

Kisha akafa.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Asubuhi alitoka na sepeto kusafisha njia ya langoni. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya kumkandia Karin. Nikisikia sepeto ikikwaruza chini, ikikwaruza, kisha ikanyamaza, sikushughulika. Bi. Gunnel alichungulia dirishani, akaweka kikombe chini, akatoka bila koti. Gari la hospitali likaja, likawachukua yeye na mumewe. Alirudi peke yake kwa teksi. Akazungumza na Karin kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyetoka dukani. Karin akanigeukia. "Mama, baba amefariki."

Nikasema Inna lillahi, nikamkumbatia, nikalia kwa sauti kama tuliavyo. Bi. Gunnel akanitazama kwa mshangao. Kisha akakiosha kile kikombe alichokiacha asubuhi.

"Mwamleta saa ngapi?" nikamuuliza Karin.

"Nani?"

"Babako. Maiti."

"Hatumleti, mama. Atakaa huko hospitali."

"Na kesho azikwa saa ngapi?"

"Si kesho. Baada ya wiki tatu. Labda nne."

Nilidhani msiba umemchanganya Kiswahili. Nikamuuliza pole pole, "Wiki tatu au siku tatu?"

"Wiki, mama."

Nimeona misiba mingi, baba yako nilimzika siku aliyokufa, udongo wa kaburi lake nauona mpaka leo chini ya kucha za kaka zako walipotoka makaburini kuja kula. Lakini wiki tatu maiti awe peke yake kwenye friji, na watu wake wawe nyumbani wanakunywa kahawa, hilo sikuwa na mahali pa kuliweka. Nikamwendea Bi. Gunnel, nikamshika mkono, nikamwambia, "Makiwa." Karin akafasiri. Bi. Gunnel akaitikia kwa kichwa, akautoa mkono wake taratibu.

Nikangoja watu. Hakuja mtu. Jioni nikasema labda kesho. Kesho yake asubuhi nikafagia, nikapanga viti, nikaweka birika kubwa motoni. Saa nne, saa sita, kimya. Mwanamke mmoja alipita na mbwa wake, akatazama dirisha letu, akainamisha kichwa, akapita. Simu ililia mara kadhaa, Karin akasema maneno kidogo akaiweka, na katika maneno hayo nikashika moja: *död*. Kila mara *död*. Nikajua ndiyo kufa.

"Majirani mumewaambia?" nikamuuliza.

"Tutatangaza gazetini, mama. Wiki ijayo."

"Gazetini?"

"Ndivyo tufanyavyo." Macho yalikuwa yanamfumba, mtoto hakumpa usingizi usiku. Akaenda kulala naye.

Sasa nielewe vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo mnapochekea. Kwetu mfiwa hatoki kutangaza. Mfiwa huketi, na watu wengine hufunga viuno, huyu akaenda msikitini, huyu akashika njia mlango kwa mlango, huyu akavuka feri kuwapasha habari wa ng'ambo. Nikamtazama Bi. Gunnel ameketi jikoni peke yake, mikono mezani. Nikajisemea, maskini, hana wa kumtuma. Mwanawe mzazi, mkwewe yuko Mombasa. Nimebaki mimi. Sikufikiri kwamba nafanya jambo kubwa. Nilifikiri nimechelewa siku nzima, na nikaona haya.

Nikavaa buibui, juu yake koti, miguuni mabuti, nikatoka.

Mlango wa kwanza alifungua mwanamke wa makamo. Alilitazama koti kabla ya kunitazama uso. Nikasema, "Sten död." Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikamwashiria nyumba yetu, nikamwita kwa mkono: ndoo, ndoo. Akatikisa kichwa kukubali, nami nikaendelea. Mlango wa pili alitoka kijana, akasikia, akaufunga pole pole sana. Wa tatu alikuwa mzee mwenye fimbo. Huyo alinivuta ndani, akaniketisha, akalia mbele yangu bila kujificha, akanionyesha picha ukutani, yeye na Mzee Sten ujanani, wameshika samaki mrefu juu ya barafu. Nikalia naye. Nikamwita naye kwa mkono, akakubali. Nilikwenda milango ya mtaa ule wote mpaka vidole vikafa ganzi. Nikarudi nimeridhika. Nikaongeza maji kwenye birika.

Hakuja mtu.

Kiza kilipoingia, na huko kiza huingia mapema, niliona watu nje ya ua. Nikamwamsha Karin. "Wamekuja! Fungua mlango." Lakini hawakuvuka lango. Walikuja mmoja mmoja, kila mtu akichimba theluji kidogo karibu na uzio, akitia mshumaa humo, akisimama, akiondoka. Yule mzee wa fimbo alisimama muda mrefu kuliko wote. Nikawaita kutoka dirishani kwa mkono, kwa nguvu. Walioniona wakarudi nyuma, wakaenda zao.

Simu ikalia. Karin akasikiliza, akaniangalia. "Mama, jirani asema wewe ulipita kuwaambia watu wasije."

"Mimi? Mimi niliwaita mmoja mmoja!"

"Uliwaitaje?"

Nikamwonyesha. Kiganja kuangalia chini, vidole vikikwangua hewa, kama tuitavyo sisi watu wenye heshima zetu. Karin akashika paji la uso. "Mama, kwetu mkono huo si wa kuita. Ni wa kumwambia mtu aende."

Nikakaa nikautazama mkono wangu. Nilikuwa nimepita mtaa mzima kutangaza kifo na kuwafukuza watu.

Hapo ndipo ninyi mnapoishia kucheka, na mwisho huo Karin aliufanya mzuri. Ila kuna kilichofuata. Bi. Gunnel alikuwa amesimama nyuma yetu akiitazama mishumaa. Aligeuka akaniona na koti la mumewe, nilikuwa sijalivua. Alikuja akalifungua yeye mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akalitoa mabegani mwangu, akaenda kulitundika mahali pake. Nilikuwa nimelivaa koti la marehemu kwenda kutangaza kifo chake, Athmani, na wale watu waliofungua milango kwanza waliona koti. Hilo halikunijia mpaka nilipoona vidole vyake kwenye vile vifungo. Nililia usiku ule kwa aibu.

Siku zilizofuata hatukusema chochote mimi na yeye. Hakunitendea ubaya, chakula aliniwekea, ila alipita karibu nami kama apitaye karibu na kabati. Ningeweza kuvumilia. Nilikuwa na Karin wa kumkanda na Amiri wa kumlinda kule nje, kwenye kiti kimoja sasa. Kisha Karin akaniambia habari ya kuchoma.

Aliniambia kwa uangalifu, ameketi, amenishika goti. Kwamba baada ya misa, maiti atapelekwa mahali, na mahali hapo kuna moto, na kitakachorudi ni chungu. Kwamba babake mwenyewe alitaka hivyo. Nikamwambia, "Yule? Yule aliyekuwa akinimiminia kahawa?" Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoka. Moto kwetu wajua ni wa nani. Na mtu yule nilikuwa namtaka Mungu amlaze mahali baridi, kama alivyozoea.

Siku ile ile nikamwambia Karin anitafutie ndege. Akaniomba. Akasema, "Mama, arobaini yangu haijatimia." Akasema, "Nimefiwa." Nilimsikia vizuri, na nikafunga mkoba. Nilisema siwezi kulala nyumba inayongoja moto. Nilisema dini. Ukweli ni kwamba niliogopa, nikalitafutia woga wangu jina zuri.

Ukisikia nacheka na wewe habari ya milango, ujue kwamba kosa langu si hilo. Lile la mkono ni la kutojua. Kosa langu ni kumwacha mtoto wa watu, mzazi na mfiwa, kabla sijamaliza kazi iliyonipeleka.

Bi. Gunnel alinisindikiza mpaka stesheni ya treni, hakumwachia Karin peke yake. Nilipokuwa napanda alisema neno. Nikamuuliza Karin, "Asemaje?" Karin hakutaka kunambia. Nikamshikilia. Akasema, "Asema: uliwaita watu waje, sasa waondoka mwenyewe."

Niliporudi, Bi. Rehema jirani yetu aliniuliza mbona upesi, nikamwambia baridi. Watu wote niliwaambia baridi. Wewe pia nilikwambia baridi, ukanikandia miguu kwa mafuta wiki nzima, ukinionea huruma. Nilikuachia ukande.

Sasa la juzi. Karin alipopiga simu pale dukani kwetu alizungumza na wewe, kisha akaomba nipewe mimi. Ulidhani ni mambo ya nguo za mtoto. Alikuwa akilia. Kuna jambo aliogopa kukwambia mwenyewe, akaniachia mimi, na mimi nimelikalia mpaka leo na wewe wasafiri kesho. Naliandika hapa kwa sababu mdomo umenishinda.

Yale majivu yangezikwa wakati wao wa joto, ardhi ikiwa laini, jamaa wote wakiwa na nafasi. Kila mtu alitaka hivyo. Bi. Gunnel akakataa. Akasema mume wa Karin hajapata viza. Wakamwambia barua ya viza itakuja baadaye, huyo mtu atapelekwa kaburini siku nyingine akaone. Akakataa. Msimu wa joto ukapita, majani yakaanguka, theluji ikarudi. Sheria yao haitaki mwaka upite, na mwaka umekaribia kuisha, ndiyo maana viza yako ilipotoka Karin alikuharakisha vile. Mamake asema nyumba ile haina mtoto wa kiume mwingine. Asema alisikia kwa Karin kwamba kwetu wanaume humbeba maiti wao mabegani, na watoto huwa mbele. Asema wewe ndiye utakayekibeba kile chungu kutoka kanisani mpaka shimoni.



Mzee Sten bado hajazikwa, Athmani, na sababu ni wewe. Watu wale, ambao nilisema hawana haraka na maiti wao kwa sababu hawana huruma, wamemweka mwaka mzima ili ufike. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu juzi, bado nimeduwaa. Sijaukubali moto, na siukubali. Maalim umemuuliza, naye amekwambia yake, mimi si mwanachuoni nikuongezee. Sikuambii useme maneno yao wala upige magoti yao. Lakini nimekwisha kuona mtu akisimama nje ya lango. Niliwasimamisha nje mtaa mzima kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikaondoka. Bi. Gunnel ametusamehe nini, au hajatusamehe, mimi sijui. Najua ametafuta njia ya kukuita, na ameiuliza kwa Karin isije ikakosewa. Ukisimama nje ya lango siku ile, mkeo hatakwambia kitu. Atakutazama kama alivyonitazama mimi nikifunga mkoba. Mimi nimeishi na macho yale mwaka mzima na sikutakii.

Na kuna jingine, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Nilipotoka dukani nilipita makaburini kumwombea baba yako, na pale nikajifikiria mimi. Presha yangu waijua. Ikiwa siku yangu itafika wewe uko kule, nikifa asubuhi, baada ya adhuhuri nitakuwa nimekwisha kushushwa. Kaka zako watakupigia simu wakitoka makaburini, miguu bado ina vumbi. Ndivyo nitakavyo. Usije ukawaambia waniweke hata saa moja, nitakuwa na hasira nawe kaburini. Utakuwa kwenye kiza kile cha saa tisa, na simu mkononi, na mimi nitakuwa nimekwisha.

Basi kesho teksi ikija usiniage mlangoni na mkoba begani, kama ulivyozoea. Mwambie dereva azime gari. Ingia ndani, vua viatu, keti karibu yangu, tutakane radhi yote, kubwa na ndogo, mpaka iishe. Mzee Sten aliweza kukungoja. Mimi sitaweza.

Mamako